Barua ya wazi kwa wanafunzi wa saikolojia: msomeni Leda Cosmides kabla ya kulitaja jina la mageuzi

Wanangu mnaosoma saikolojia katika vyuo vya Tanzania na Kenya, nanyi mlio ughaibuni, nawasalimu nyote.

Nilifundisha saikolojia katika chuo cha ualimu hadi nilipostaafu, na hata sasa wapo kati yenu wanaoniletea rasimu za tasnifu zao nizipitie. Katika rasimu hizo, na katika mazungumzo yenu, naona jambo linalonihuzunisha: neno mageuzi, yaani badiliko la viumbe kizazi hadi kizazi, limekuwa kauli ya kufungia mjadala. Kijana akiulizwa kwa nini si mwaminifu kwa mkewe, hujibu kwamba mwanamume ameumbwa hivyo tangu enzi za uwindaji na kwamba sayansi imekwisha kuthibitisha. Mwingine husema ukabila ni wa asili, kwa hiyo hauna dawa. Wote hudai kwamba wameyatoa hayo katika saikolojia ya mageuzi, taaluma inayoieleza akili ya binadamu kwa historia hiyo ya mageuzi, lakini ukiwauliza ni mtafiti yupi aliyeyathibitisha, kwa jaribio gani, na kwa watu wa wapi, hawana la kusema. Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia kuhusu mtafiti mmoja wa taaluma hiyo, ili mwone kazi yenyewe ilivyofanywa.

Leda Cosmides alizaliwa Marekani mwaka 1957. Alisomea biolojia katika Chuo Kikuu cha Harvard, akamaliza shahada ya kwanza mwaka 1979, akabaki hapo hapo kusomea saikolojia ya utambuzi, na mwaka 1985 akapata shahada ya uzamivu. Mwenzi wake wa maisha na wa utafiti alikuwa John Tooby, mwanaanthropolojia, naye walifanya kazi bega kwa bega hadi Tooby alipofariki mwaka 2023. Walifundisha katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, wakaanzisha huko Kituo cha Saikolojia ya Mageuzi, na mwaka 1992, wakishirikiana na Jerome Barkow, wakahariri kitabu The Adapted Mind, ambacho wengi hukihesabu kuwa msingi wa taaluma hii. Hoja yao ni kwamba akili ya binadamu ina mifumo mingi maalumu, iliyochongwa na uteuzi wa asili (sifa zinazomsaidia kiumbe kuishi na kuzaa huenea) ili kutatua matatizo yaliyowarudia babu zetu kizazi baada ya kizazi: kuchagua chakula, kumtambua ndugu, kukwepa hatari, kubadilishana vitu na mtu asiye wa ukoo bila kudhulumiwa.

Hoja kama hiyo ni rahisi kuitamka na ngumu kuipima, na hapo ndipo ninapotaka mtulie kidogo. Cosmides alichukua chemshabongo iliyobuniwa na Mwingereza Peter Wason mwaka 1966. Unawekewa kadi nne mezani, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili, na unachoona ni E, K, 4 na 7. Unaambiwa kwamba kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi lazima uzifunue ili ujue kama kanuni hiyo imevunjwa? Jibu ni E na 7, kwa kuwa E ikiwa na namba witiri nyuma yake, au 7 ikiwa na irabu, kanuni imevunjwa; 4 haiwezi kuivunja. Wengi huchagua E na 4, au E peke yake, na wanaopata kwa kawaida hawafiki robo, hata wakiwa wanafunzi wa vyuo vikuu vinavyosifika.

Cosmides akaivika chemshabongo hiyo hadithi ya kisiwa cha kubuni katika Bahari ya Pasifiki. Kanuni ya kisiwa ilisema kwamba mwanamume akila muhogo, lazima awe na tatuu usoni. Tatuu ilikuwa alama ya waliooa, na muhogo uliaminika kuongeza nguvu za kiume, hivyo wasiooa walitakiwa watosheke na njugu fulani zisizo na utamu. (Yeyote aliyewahi kununua muhogo mbichi na nazi kwa muuzaji wa barabarani Dar es Salaam hatahitaji kuelezwa imani hiyo.) Kadi nne ziliwakilisha wanaume wanne: anayekula muhogo, anayekula njugu, mwenye tatuu na asiye na tatuu. Safari hii takribani robo tatu ya washiriki walifunua kadi sahihi, ya mla muhogo na ya asiye na tatuu. Lakini kanuni ile ile iliposimuliwa kama habari tu ya mahali mihogo inakoota na wanaume wenye tatuu wanakoishi, pasipo mtu kunufaika wala kudaiwa chochote, waliopata walirudi kuwa karibu robo.

Angeweza kuishia hapo, na wengi wetu tungeishia hapo. Yeye alijiuliza kama labda watu walikuwa wamefikiri vizuri zaidi kimantiki kwa sababu tu hadithi ilikuwa tamu. Akaigeuza kanuni: mwanamume mwenye tatuu usoni anakula muhogo. Kwa mantiki, kadi za kufunua sasa ni ya mwenye tatuu na ya mla njugu. Washiriki wengi waliendelea kumfunua mla muhogo na asiye na tatuu, yaani waliendelea kumsaka anayechukua faida bila kutimiza sharti, hata pale ambapo mantiki iliwataka wafanye vingine. Majibu hayo yaliyo makosa kimantiki ndiyo ushahidi wake wenye nguvu kuliko yote kwamba akili ina mfumo maalumu wa kuwanasa wadanganyifu, na aliyatabiri kabla ya kuwauliza watu. Kwa kazi hiyo alitunukiwa mwaka 1988 tuzo ya utafiti wa sayansi ya tabia ya chama cha Marekani cha maendeleo ya sayansi, AAAS.

Wapinzani hawakukosekana. Dan Sperber na wenzake walidai mwaka 1995 kwamba kinachobadilisha majibu ni namna msikilizaji anavyoielewa kauli, wala hapahitajiki mfumo maalumu wa kuwanasa wadanganyifu. Ubishi huo haujaisha, na sipendi mwanafunzi aniandikie kana kwamba umeisha. Jibu la Cosmides na wenzake lilikuwa kufanya majaribio mengine. Mwaka 2002 walichapisha uchunguzi wa mgonjwa aliyeumia ubongo, ambaye aliweza kutambua anayevunja kanuni ya tahadhari, kama vile kuvaa glavu kabla ya kufanya kazi ya hatari, lakini akapata shida kumtambua mdanganyifu katika mabadilishano. Mwaka huo huo walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya pamoja na Lawrence Sugiyama miongoni mwa Washiwiar wa msitu wa Amazoni nchini Ekuado, ambao nao waliwabaini wadanganyifu kwa kiwango kilichokaribia kile cha wanafunzi wa Harvard.

Ninyi mnaosema ukabila hauna dawa, kuna utafiti mmoja naomba muusome neno kwa neno. Robert Kurzban, Tooby na Cosmides waliuchapisha mwaka 2001. Ilikuwa imezoeleka kusemwa kwamba mtu akimwona mwenzake, akili yake husajili jinsia, umri na rangi ya ngozi hata asipotaka. Wao waliona shaka: babu zetu walisafiri kwa miguu, hivyo wasingekutana mara nyingi na watu wa rangi nyingine kiasi cha akili kuchongwa kwa ajili hiyo. Wakakisia kwamba rangi husajiliwa kwa sababu tu katika jamii fulani imekuwa alama ya nani yuko upande wa nani. Wakawaonyesha watu picha za wachezaji wa timu mbili za mpira wa kikapu zilizokuwa na ugomvi, kila picha na maneno aliyoyasema mchezaji, kisha wakawauliza ghafla nani alisema nini. Mtu akisahau, humchanganya msemaji na mwingine anayemwona wa kundi lake, na makosa hayo ndiyo kipimo. Wachezaji walipovaa jezi za rangi mbili kulingana na timu, watu walianza kuchanganya kwa timu, na kuchanganya kwa rangi ya ngozi kukapungua. Ilitosha kuwaonyesha picha kwa muda usiofika dakika 4. Mtu aliyeuelewa utafiti huo hawezi kunyanyuka akasema sayansi ya mageuzi imetuhukumu kuchukiana kwa makabila.

Vivyo hivyo kwa asiye mwaminifu katika ndoa. Kueleza chanzo cha tamaa ni kazi ya mtafiti; kuamua kama utaifuata ni jambo lako na dhamiri yako, na hakuna jaribio la Cosmides linalokuondolea. Najua pia wapo mnaosita kuisoma taaluma hii kwa sababu ya dini. Siwalazimishi kuamini lolote, naomba tu mjue kwa usahihi kile mnachokikataa.

Kasoro nayo muione. Washiriki wengi wa majaribio haya walikuwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Joseph Henrich na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba sampuli za saikolojia zimetoka kwa sehemu kubwa katika jamii za Magharibi zilizo na watu wachache wa dunia hii. Pengo hilo ni lenu kuliziba. Lakini msikimbilie Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwa Wahadzabe, jamii inayojulikana kwa uwindaji, mkidhani mtawakuta watu wa kale. Wahadzabe ni raia wenzetu wa leo, wamepokea watafiti kwa miongo mingi, na wana lugha yao ambayo haifanani na Kiswahili. Anayekwenda apate kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, apate ridhaa yao wenyewe, na afike na swali linalostahili muda wao.

Mnaotaka kuanzia nyumbani, lirudieni jaribio la kadi kwa Kiswahili. Msitafsiri hadithi ya Pasifiki. Chukueni kanuni ya upatu au ya chama ambayo akina mama wa mtaani wanaisimamia kila mwezi, kwa mfano kwamba anayepokea zamu lazima awe amelipa michango yote. Kisha igeuzeni kanuni hiyo, kama alivyofanya yeye. Kabla hamjamuuliza mtu wa kwanza, andikeni ukurasa mmoja unaosema ni majibu gani yatakayowafanya mkiri kwamba mlichokisia si kweli, na mniletee ukurasa huo pamoja na rasimu. Rasimu itakayokuja bila huo nitairudisha.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu