Daraja la Mto Columbia lisisubiri tetemeko

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako, ambalo linasomwa pia na wengi wetu tunaoishi huku Marekani, Portland katika jimbo la Oregon, na Vancouver ya jimbo la Washington (si ile ya Kanada), ili niseme neno kuhusu daraja linalounganisha miji hiyo miwili juu ya Mto Columbia. Waswahili wenye makazi upande wa Washington na kazi upande wa Oregon tunalivuka alfajiri na usiku wa manane, lakini katika mjadala mrefu wa kulijenga upya sauti zetu hazijasikika sana.

Kwa msomaji asiyelifahamu, ni madaraja mawili ya chuma yaliyosimama ubavu kwa ubavu. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1917, zama za tramu na magari ya kuhesabika. La pili likafuata mwaka 1958. Kwa pamoja yanabeba barabara kuu ya I-5, inayotoka mpaka wa Kanada hadi mpaka wa Meksiko, na kwa siku hupita magari zaidi ya 130,000 katika leni tatu nyembamba kila upande, bila mabega ya barabara ambako gari lililoharibika lingesogezwa. Meli yenye kimo kirefu inapofika, taa nyekundu huwaka, vizuizi hushuka, na kipande kizima cha barabara hupandishwa katikati ya minara miwili kwa nyaya nene zinazopita juu ya roda kubwa. Mwezi Septemba 2020 mhimili wa roda mojawapo ulibidi ubadilishwe kwa sababu ulikuwa na ufa. Daraja la 1917 likafungwa kwa takriban wiki nzima, na magari ya pande zote mbili yakabanana juu ya pacha wake.

Hata hivyo, ufa wa juu huonekana na hutengenezwa. Kinachopaswa kututia hofu zaidi kiko chini ya maji. Daraja hili limesimama juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa mchangani, na eneo lote la pwani hii liko jirani na ufa mkubwa wa ardhi wa Cascadia, ambao mara ya mwisho ulitoa tetemeko la takriban kipimo cha 9 mwezi Januari mwaka 1700. Ardhi ikitikisika kwa nguvu hiyo, mchanga uliojaa maji hulainika kama uji, na nguzo zilizoshikiliwa na mchanga huo hazina tena pa kushika. Wahandisi wamelieleza jambo hili kwa miaka mingi, na sijasikia mwanasiasa wa upande wowote akilikanusha.

Kwa nini basi daraja jipya halijasimama? Mpango wa awali, uliokadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni 3, ulitumia miaka na karibu dola milioni 200 kwa michoro na tafiti, kisha ukafa mwishoni mwa Juni 2013, pale Seneti ya Washington ilipofunga kikao chake bila kutoa fedha. Wengi upande wa Vancouver hawakutaka treni nyepesi ya umeme ivushwe kutoka Portland. Wengine walipinga tozo. Tarehe hiyo inaniuma kila ninapoikumbuka, kwa sababu wiki tano tu kabla yake, tarehe 23 Mei, lori lenye mzigo uliozidi kimo liligonga vyuma vya juu vya daraja la Mto Skagit, katika jimbo hilohilo na katika barabara hiyohiyo ya I-5, na kipande chake kikaanguka mtoni na magari. Kwa neema ya Mungu hakufa mtu. Lakini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, tarehe 1 Agosti 2007, watu 13 walikufa na 145 wakajeruhiwa daraja la barabara kuu ya I-35W lilipoporomoka, kwa sababu mabamba ya kuunganishia vyuma yalikuwa na nusu tu ya unene uliohitajika. Madaraja ya aina hii yana tabia hiyo: vyuma vyake hubebana kiasi kwamba kimoja kikikatika, kipande kizima chaweza kwenda nacho.

Mpango ulifufuliwa mwaka 2019. Kufikia 2022 makadirio yalikuwa dola bilioni 5 hadi 7.5. Kila jimbo limeahidi bilioni 1, na serikali kuu imetoa ahadi za zaidi ya bilioni 2. Sehemu ya fedha zinazobaki itatokana na tozo, na hapo ndipo wenzetu wengi wanapoguna. Nawaelewa. Tozo ilishawahi kutozwa darajani hapo na kufutwa, mara ya mwisho mwaka 1966, na anayelipwa kwa saa katika ghala au kwa kutunza wazee huihisi kila senti.

Lakini kulikataa daraja kwa sababu ya tozo ni kosa, kwa maana siku likifungwa ghafla, ni sisi wa zamu za usiku tutakaolazimika kuzunguka kwa daraja jingine, lile la barabara kuu ya I-205, au kukosa kazi kabisa. Tunachopaswa kudai ni kwamba saa za usiku zitozwe kidogo, wenye kipato cha chini wapewe nafuu isiyohitaji rundo la fomu, na maelezo yake yatolewe kwa Kiswahili pia. Tume za uchukuzi za majimbo yote mawili hupokea maoni ya wananchi kwa maandishi na katika vikao vya wazi. Nawasihi wasomaji wenzangu wa Portland na Vancouver wazipelekee maoni yao sasa, kabla viwango havijapitishwa.

Msomaji wako,
Vancouver, Washington