Mtumbwi wa pili si ulaji wetu

Kila msimu lazima atokee mmoja. Safari hii ni mteja tuliyempeleka mtoni kwa mitumbwi kupiga kambi, akarudi kwake salama, hata soksi hazikulowa, kisha akatuandikia kwamba tumempiga: walikuwa watatu, tukawatoza mitumbwi miwili, na wa pili eti ulikwenda nusu tupu.

Ndugu mteja, mtumbwi haujai kwa nafasi, unajaa kwa uzito. Sisi tunatazama ukingo umebaki juu ya maji kiasi gani. Ukishuka chini ya sentimita 15 tunaanza kushusha mizigo, hata kama bado pana mahali pa kulaza godoro. Lita moja ya maji ya kunywa ni kilo moja, na kambini hakuna bomba wala barabara. Ongeza hema, sufuria na kasha la barafu. Wimbi likimwaga lita 50 ndani, umepata kilo 50 zisizokaa mahali pamoja: ukiegemea kushoto, nazo zinakukimbilia kushoto.

Kundi moja lilituahidi mizigo myepesi, tukawapa mtumbwi mmoja. Tukapima, sawa. Tulipogeuka tu, wakachomeka mbele, chini ya turubai, sufuria ya chuma na katoni mbili za makopo. Omo, yaani pua ya mtumbwi, likilemewa, mtumbwi hautii kasia. Kona ya kwanza walipita. Ya pili, mkondo uliwasukuma ubavu hadi kwenye mti ulioangukia mtoni. Hapo asiyezoea huuogopa mti, akaegemea upande maji yanakotoka, wakati anatakiwa auegemee huo huo mti. Ukingo ukainama, mto ukaingia. Jaketi za kuokolea zilikuwa mwilini (kwa hilo hatujadiliani na mtu), hakuna aliyeumia. Lakini mabegi ya kulalia yalilowa chapachapa, na moto waliuota kwa kiberiti ambacho mpigakasia wetu hukitia kwenye chupa yenye kizibo. Siku nne walizolipia zikawa usiku mmoja. Mtumbwi wa kuwafuata ukatoka kwa bei ya dharura, zaidi ya ule waliokuwa wameukwepa.

Na huo "nusu tupu" ni makusudi. Mmoja ukitoboka huko porini, mtarudi na nini?

Wengine hulalamika kwamba hema zetu ziko mbali na maji. Ukifika, inua macho kwenye matawi: utaona majani makavu na vijiti vimenasa juu kuliko kichwa chako. Mto ulifika hapo. Mvua hunyesha huko juu, mto ukajaa usiku huku kwenu nyota zinawaka. Kubeba begi hatua mia moja hakujamdhuru mtu.

Mizani iko pale pale tunapopakilia, na kila mteja anaona namba yake kabla ya kulipa. Mzigo ukiwa mwepesi kweli, mtumbwi wa pili tunaurudisha na kuufuta kwenye hesabu. Mzigo wa huyu bwana ulikuwa kilo 140, bila watu. Karatasi yenye sahihi yake tunayo.