Mashine za maabara zisipigwe mnada kabla fundi hajazikagua

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu mashine za maabara zinazofutwa kwenye daftari la mali na kupigwa mnada ilhali ni nzima.

Mimi ni fundi wa vifaa vya maabara, naishi na kufanya kazi Ngamiani, Tanga. Mwaka jana niliitwa kwenye maabara moja ya mkoa huu kuangalia mali chakavu. Humo nilikuta spektrofotometa, ile mashine inayopitisha mwanga kwenye sampuli na kupima kiasi kinachofyonzwa. Taa yake inawaka, lenzi hazina kuvu, jambo la nadra kwa unyevu na chumvi ya pwani yetu. Ila haina kioo cha kuonyesha namba. Kila kitu hupitia kompyuta, na kompyuta yake ilishakufa. Zile mpya hazina tundu la kuingiza kebo yake, basi ikaandikwa “mbovu”.

Kebo yenyewe ni nene, plagi yake ina pini 24. Mfumo huo wa kuunganisha mashine na kompyuta ulibuniwa na kampuni ya Hewlett-Packard mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1975 ukawa kiwango rasmi, IEEE 488. Mafundi tunauita GPIB. Pini 16 hubeba ishara: nane za data, tano za kuongoza, na tatu za kupeana taarifa kwamba data imepokewa. Hizo tatu ndizo zilizonipa moyo. Mashine inayosema, yaani inayotuma data, haitoi herufi ya pili mpaka zote zinazosikiliza zikiri kupokea ya kwanza. Ya polepole kuliko zote ndiyo inayoamua mwendo. Kwa hiyo hata ubao mdogo wa bei nafuu unaweza kuzungumza nayo bila kuachwa nyuma.

Adapta za kiwandani za kutoka GPIB kwenda USB huuzwa kwa mamia ya dola. Niliyoiunda mimi haikufika shilingi laki moja. Ni ubao wa Arduino Uno, kompyuta ndogo sana inayopangiwa programu, wenye pini 20. Mbili zinatumika kuwasiliana na kompyuta, zinabaki 18, na kazi inataka 16. Ubao unatumia volti 5, zinazoendana na ishara za GPIB. Programu ya kuendesha ubao ipo ya bure, inaitwa AR488. Kilichonitoa jasho ni plagi. Ya printa za zamani inafanana nayo sana, lakini ina pini 36, haiingii. Nikakata kebo chakavu, nikautafuta kila waya kwa multimeta, nikachomelea. Mashine ikajibu, na namba sasa zinaingia zenyewe kwenye jedwali.

Haikujibu kwa bahati. Amri ya *IDN?, inayoitaka mashine ijitambulishe, iliwekwa kwenye kiwango mwaka 1987. Nyingi za kabla ya hapo haziijui. Kila moja ina amri zake, na zimo kwenye kitabu chake. Na kitabu ndicho kinachotangulia jalalani! Wakuu wa maabara, nawasihi: mkitupa makaratasi, vitabu vya mashine viacheni kabatini.

Ubao mtupu namna hii ninaupendekeza kwa mashine moja au mbili tu. Anayetaka kuunganisha nyingi aweke chipu za SN75160 na SN75161, zinazoipa ishara nguvu ya kuendesha mashine nyingi. Mashine zenye tundu la RS-232, mfumo mwingine wa zamani wa kuwasiliana na kompyuta, ni rahisi zaidi, ila volti zake zinaweza kufika 15, chanya na hasi, zitaunguza ubao. Lazima chipu ya MAX232, inayobadilisha volti hizo ziwe salama kwa ubao, ikae katikati. Tena adapta haiongezi usahihi: mashine bado inatakiwa kuhakikiwa kwa sampuli zinazojulikana kama zamani.

Mkoa wetu una maabara tangu Wajerumani walipoanzisha taasisi ya utafiti Amani mwaka 1902. Udongo wa mashamba ya mkonge unataka kupimwa, maji ya visima yanataka kupimwa. Inaniuma kuona mashine inayoweza kufanya kazi hiyo ikiuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Ninaomba mambo mawili. Kamati za kufuta mali zisisaini chochote chenye umeme kabla fundi hajakiwasha. Na vyuo vyetu vya ufundi viwape vijana adapta hii iwe kazi yao ya mwaka wa mwisho. Watajifunza kuchomelea, kusoma mchoro na kuandika programu kwa pamoja.

Mchoro wangu nautoa bure kwa chuo au maabara yoyote. Mnaokuja, njooni na kitabu cha mashine, na kebo yake msiikate.

Fundi wa vifaa vya maabara,
Ngamiani, Tanga.