Kwa mpwa wangu uliyeniomba nimpigie simu mwongozaji

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako niliipata na nikaisoma mara mbili. Umeniomba nimpigie simu mwongozaji mmoja niliyewahi kufanya naye kazi, nimweleze kwamba una kipaji na kwamba umechoka kwenda kwenye usaili na kurudi mikono mitupu. Nilipochelewa kukujibu ukadhani nimekasirika. Sikukasirika hata kidogo. Nilikuwa natafuta namna ya kukueleza kwa nini simu hiyo sijaipiga, na kwa kuwa jambo lililokusumbua linawasumbua vijana wengi walioichagua kazi hii, nilikuomba ruhusa ya kukujibu hadharani bila kutaja jina lako, nawe ukanikubalia.

Umeandika kwa uchungu kwamba uigizaji ni kazi ya kujuana. Ni kweli, wala sitakuficha. Mteuzi wa waigizaji aliyepewa wiki mbili kujaza nafasi ishirini huanza na majina ambayo tayari yamo kichwani mwake, kisha huwauliza watu anaowaamini, na mwisho kabisa ndipo hufungua rundo la picha na wasifu uliotumwa na watu asiowajua. Upendeleo upo, lakini ipo pia sababu ya kikazi ambayo kijana aliye nje ya mlango si rahisi kuiona. Siku moja ya kurekodi hukusanya mafundi, wapambaji, vifaa na mahali pa kukodi, na mwigizaji mmoja akichelewa, au akifika hajashika maneno yake, wote husimama ilhali gharama zinaendelea kuhesabiwa. Anayekupa nafasi ameweka rehani jina lake mwenyewe. Anaponiuliza kama nakujua, anataka kusikia utafanya nini saa kumi na moja jioni, mwanga unapopungua, na onyesho linarudiwa kwa mara ya tisa. Ndiyo maana ningependa ujiulize hivi: wale ambao tayari wanakujua, wanakujua kwa lipi?

Fikiria habari za Harrison Ford, mwigizaji maarufu wa filamu wa Marekani. Wengi husimulia kwamba alikuwa seremala aliyeokotwa huku ameshika msumeno. Ukweli ni kwamba alikuwa mwigizaji kwa miaka kadhaa, akijikimu kwa useremala kazi za kuigiza zilipokuwa haba, na alikuwa tayari amecheza nafasi ndogo katika filamu ya mwongozaji George Lucas iliyotoka mwaka 1973. Fred Roos, mteuzi wa waigizaji aliyemfahamu vizuri, alikuwa hachoki kulitaja jina lake. Lucas alipoanza kutafuta waigizaji wa filamu yake ya Star Wars hakukusudia kuwatumia tena wale wa filamu iliyotangulia, na Ford aliombwa tu asome maneno ya upande wa pili, ili waliofika kwenye usaili wapate mtu wa kujibizana naye. Akasoma na huyu, akasoma na yule, hadi waliokuwa wakimsikiliza wakaona kwamba wanayemtafuta wanaye. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1977 naye ndiye Han Solo, mmoja wa wahusika wake wakuu.

Nimeitaja habari hii kwa sababu katika barua yako umesema, tena kwa fahari, kwamba uliitwa kuwasomea wengine kwenye usaili ukakataa, kwa kuwa wewe si msomaji bali ni mwigizaji. Mpwa wangu, hapo ulikosea. Anayewasomea wengine huketi chumba kimoja na mwongozaji na mteuzi kutwa nzima. Huwaona wenzake wakipatia na wakikosea, husikia maelekezo wanayopewa, na huonyesha kama anaweza kumpa mwenzake kitu cha kuchezea hata pale ambapo macho ya wote hayapo kwake. Ni vigumu kupata saa sita za namna hiyo kwa njia nyingine yoyote. Wakikuita tena, nenda.

Wateuzi wanahitaji kueleweka zaidi, kwa kuwa vijana huwaona kama askari wa getini. Kazi yao ni kukumbuka watu. Marion Dougherty, aliyefanya kazi hiyo New York kwa miaka mingi, aliwahi kumpa mwigizaji Jon Voight nafasi katika kipindi cha televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Voight akaigiza vibaya. Dougherty hakumfuta. Alikuwa ameona ndani yake kitu ambacho siku ile hakikutokeza, na miaka kadhaa baadaye akamtetea hadi akapata nafasi kuu katika filamu ya Midnight Cowboy, iliyotoka mwaka 1969. (Uzito wa kazi yao umechelewa sana kutambuliwa: waandaaji wa tuzo za Oscar walitangaza mwaka 2024 tu kwamba wataanza kutoa tuzo ya uteuzi wa waigizaji.) Usaili mmoja ulioharibika, basi, haukuharibii uhusiano. Kinachouharibu ni kufika bila kujiandaa, kubishana na matokeo, na kutuma ujumbe kila wiki ukiuliza kama kuna chochote. Baada ya usaili andika shukrani ya sentensi mbili au tatu, usiombe lolote, kisha nyamaza hadi uwe na habari ya kweli: mchezo utakaouonyesha jukwaani, au filamu fupi uliyoimaliza.

Kuhusu mawakala, wale wanaowatafutia waigizaji kazi, sitasema mengi. Wakala wa kweli hulipwa sehemu ya kile unacholipwa wewe, baada ya wewe kulipwa. Anayetaka fedha kwanza ndipo akuandikishe, mwache aende zake. Kumbuka pia kwamba wakala hufungua mlango tu, na ndani hatakuwepo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo barua yako nzima haikuligusa, nalo ndilo ninalolijali kuliko yote. Umenitajia waongozaji wanne na watayarishaji wawili unaotamani kujulikana nao, lakini hukumtaja hata mwenzako mmoja. Hukunieleza ni nani mnayefanya naye mazoezi, ni nani anayeandika michezo mnayoicheza, wala fundi sauti aliyekusaidia kurekodi sampuli ya kazi yako. Watu hao ndio utakaozeeka nao katika kazi hii. Mwandishi ambaye leo anaomba watu wa kumsomea muswada wake wa kwanza kwa sauti, kesho ataandika huku anaisikia sauti yako. Msaidizi wa mwongozaji anayekimbia na karatasi za ratiba ataongoza filamu yake mwenyewe, na waliomsumbua atakuwa anawakumbuka.

William Shakespeare alikuwa mwigizaji na mwenye hisa katika kundi lililoundwa mwaka 1594. Wengi humtazama kama mtu aliyesimama peke yake, lakini wosia wake unatuonyesha alivyowathamini wenzake, kwani alipofariki mwaka 1616 aliacha fedha kwa ajili ya watatu kati yao, Richard Burbage, John Heminges na Henry Condell, wakanunue pete za kumkumbuka. Burbage naye alifariki mwaka 1619. Hao wawili waliobaki walizikusanya tamthilia 36 za mwenzao, zikachapishwa katika kitabu kimoja mwaka 1623, na karibu nusu yake zilikuwa hazijawahi kuchapwa popote. Mabwana wakubwa waliolifadhili kundi lile hawakufanya kazi hiyo. Waliofanya ni waigizaji waliokuwa wamesimama naye jukwaani kwa miaka mingi, wakijua thamani ya yale maneno kwa sababu walikuwa wameyatamka kwa vinywa vyao.

Basi nenda ukawaone wenzako wanapoonyesha kazi zao, hata siku ambayo wewe ndiye uliyekosa nafasi aliyoipata mwenzako. Najua inauma. Nilikaa kwenye viti vya nyuma mara nyingi nikiwatazama watu wakicheza uhusika nilioutaka, na siku za mwanzo nilikuwa natoka kabla taa hazijawashwa ili nisilazimike kumpongeza mtu. Baadaye nilijifunza kubaki, kumtafuta aliyecheza, na kumtajia jambo moja mahususi nililoliona katika kazi yake, kwa maana sifa ya jumla haimwambii mwigizaji kama kweli ulimtazama. Urafiki wangu wa miaka mingi zaidi katika kazi hii ulianzia kwenye mazungumzo ya namna hiyo. Vilevile, ukipewa kazi usiyoiweza kwa sababu ya ratiba, ikatae mapema, kisha mtaje mwenzako anayeifaa. Utakuwa umewasaidia watu wawili kwa simu moja, na wote wawili watakuwa na sababu ya kukutafuta.

Kuna mpaka ambao sitaki uuvuke kwa ajili ya mtu yeyote, awe na jina kubwa kiasi gani. Uhusiano wa kikazi hufanyika mahali pa kazi. Mwaka 2018 chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kilitoa mwongozo kikitaka usaili na mikutano ya kikazi isifanyike katika vyumba vya hoteli wala nyumbani kwa watu, na hakikufanya hivyo kwa kubahatisha, bali baada ya waigizaji wengi kueleza waliyotendewa huko. Ukiitwa mahali pa namna hiyo, sema utafika ofisini, na umwambie mtu unayemwamini umeitwa na nani. Nafasi itakayopotea kwa sababu hiyo, acha ipotee, na nipigie simu mimi saa yoyote ya usiku.

Sasa nirudi kwa yule mwongozaji. Zamani, kijana mmoja wa rafiki yangu aliniomba kama ulivyoniomba wewe. Nilimpenda kijana yule, alikuwa mcheshi na mwenye sura ya kuvutia kamera, nami nikampigia mwongozaji simu siku hiyohiyo, nikasema maneno makubwa juu ya mtu ambaye sikuwa nimemwona akiigiza hata mara moja. Alipewa nafasi. Siku ya nne ya kurekodi hakutokea, siku ya tano alifika akiwa hajakariri, na ya sita akaachia ngazi, ikabidi maonyesho yote aliyocheza yarudiwe na mtu mwingine. Mwongozaji hakunigombeza, ila aliacha kuniuliza maoni yangu juu ya mtu yeyote, na mimi mwenyewe sikuitwa naye kwa miaka minne. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba katika miaka hiyo walinijia vijana wawili walioifaa kazi yake kweli, nami sikuwa na neno ambalo angelisikiliza.

Wewe nimekuona ukiigiza mara moja tu, ulipokuwa shuleni. Nataka nikuone tena, tena nikuone kwenye mazoezi na si kwenye onyesho lililokwisha kukamilika, kwa kuwa mazoezini ndiko mtu anapokosolewa, anaposubiri zamu yake, na anapomsaidia aliyesahau maneno. Waulize wenzako kama wataniruhusu kuketi nyuma siku mbili au tatu. Sitasema lolote wala sitaleta mgeni. Nikishakuona, nitampigia simu mwongozaji yule nimweleze niliyoyaona, yote, na kabla sijampigia nitakuwa nimekusomea wewe kwanza kile nitakachomwambia.

Mjomba wako