Watoto wenye usonji wanakua, tuwaandalie utu uzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu, masheha na wakubwa wa Serikali kuhusu watoto wetu wenye usonji, hasa wale ambao si watoto tena.

Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 2 Aprili kuwa siku ya usonji duniani. Kila ikifika tunaona picha za watoto wadogo wamevishwa fulana, wameshikwa mikono na walimu wao. Nafurahi sana kuziona, maana zamani mtoto wa namna hii alifichwa chumba cha ndani mgeni akibisha hodi. Lakini katika picha hizo simuoni kijana mwenye ndevu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja katika kila 127 alikuwa na usonji, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Kwa kiwango hicho tunao zaidi ya 14,000 visiwani, wa kila umri. Wako wapi wale waliokwishakua?

Mmoja ni mwanangu, ana miaka 27. Hakusema neno mpaka alipofika miaka sita, na hata sasa husema machache. Hirizi na kombe, yaani aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji ya kunywa, tumezipitia kama familia nyingi. Kisomo sikikatai, kinatuliza nyoyo zetu. Ila usonji si shetani wala si adhabu ya mzazi. Ni ubongo unaofanya kazi kwa namna nyengine, mtu huzaliwa nao na huzeeka nao. Kwa hivyo malezi ya mtoto huyu yapangwe kwa kumfikiria mtu mzima atakayekuwa.

Kwetu aliyeanza ni bibi yake. Msimu wa karafuu, usiku watu wanapokaa ukumbini kuchambua, mtoto alikuwa akiziba masikio kwa kelele za mazungumzo na redio. Bibi akamtandikia kipande cha jamvi peke yake mwisho wa ukumbi, akamuwekea vikapu viwili, karafuu huku, makonyo kule. Hakumuhimiza. Mtoto akashika kishada, akakisugulia kwenye kiganja kama alivyomuona bibi, na karafuu iliyobaki na kikonyo akairudia mpaka ikawa safi. Leo hapa kijijini simjui anayechambua safi kuliko yeye. Anachotaka ni kujua mapema mambo yatakavyokwenda. Kabla ya msimu humchorea kwenye ubao: jua, jamvi, gunia, gari ya kwenda kituoni. Ukibadilisha mpango ghafla, siku hiyo imeharibika. Ukimwambia tokea jana, hana neno.

Tatizo likaja kwenye malipo. Mwaka mmoja mwenye karafuu aliwalipa wenzake kwa pishi, yeye akapewa soda na maandazi. "Huyu pesa atazifanyia nini?" alisema. Ami yake alikwenda kumdaia, na pesa zikatoka. Si kila kijana ana ami wa kumdaia. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na kifungu cha 27 kinataja wazi haki ya kufanya kazi na kupata malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Naomba kila sheha akijue kifungu hicho, kwa sababu mambo kama haya hayafiki mahkamani, yanaishia barazani.

Skuli nazo zina sehemu yao. Kijana anaota ndevu bado anaandikishwa herufi zile zile, na hakuna aliyemfundisha kupanda gari, kuhesabu chenji, kujitunza mwili unapobadilika, wala kusema hapana anaposhikwa vibaya. Wasichana ndio wananitia hofu zaidi. Haya yaanze mapema, yarudiwe mpaka yazoeleke.

Na inawezekana mtu wa namna hii kufika uzeeni kwa heshima. Katika watoto 11 ambao daktari Leo Kanner aliwaeleza mwaka 1943 alipouandika usonji katika utabibu, wa kwanza alikuwa Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, Marekani. Alikuwa na shauku ya kuhesabu na kupima kila kitu. Akapelekwa kukaa shamba kwa mtu na mkewe, wakulima, na hao hawakumkataza: alipokuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, walimwambia aihesabu huku akilima. Baadaye alimaliza chuo kikuu, akafanya kazi benki kwa miaka mingi, na alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Benki yenyewe ilikuwa ya ukoo wa mama yake, na familia ilimuwekea mali ya amana ya kumtunza. Sisi hatuna benki, lakini mikarafuu tunayo, na wakfu, yaani mali inayofungwa isiuzwe wala isirithiwe ili mapato yake yamfae aliyekusudiwa, tunaujua tokea enzi za mababu.

Hili la wakfu ndilo linalonikosesha usingizi. Mwanangu atarithi fungu lake kama mtoto yeyote. Nani atalisimamia, na nani atamzuia ndugu mwenye tamaa asimtilishe dole gumba kwenye karatasi ya mauzo? Wasia wa kumuongezea haupiti mpaka warithi wenzake waridhie. Lakini mzazi akiwa hai na akili zake timamu anaweza kuweka wakfu mikarafuu kadhaa, mapato yake yamlishe mtoto huyu maisha yake yote, na msimamizi akajulikana kwa maandishi. Suratun Nisaa, aya ya 5, inatuelekeza kwamba asiyeweza kusimamia mali asikabidhiwe, bali alishwe na avishwe kutokana nayo, na asemezwe kwa wema. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo, Mahkama za Kadhi zipo, ila wazazi niliozungumza nao hawakujua kwamba mlango huo unawahusu.

Kwa asiye na hata mkarafuu mmoja, nageukia Serikali. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 Pensheni Jamii ya Sh. 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa, na baadaye ikaipandisha. Najua bibi anayegawa pensheni hiyo na mjukuu mtu mzima asiyeweza kukaa peke yake. Siku bibi huyo akiondoka, pensheni inaondoka naye na mjukuu anabaki. Serikali iliyoweza kuwahesabu wazee shehia kwa shehia inaweza kuwahesabu na hawa, ikawawekea fungu lao wenyewe.

Kwa kuanzia, naiomba Kamisheni ije Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani pamoja na makadhi, wakae na wazazi siku moja kila wilaya, watueleze kwa lugha nyepesi namna ya kuandikisha wakfu na kuteua msimamizi. Wazazi waliopindukia miaka 60 watangulizwe.

Mzazi,
Wete, Kaskazini Pemba