Natembea, napima chakula, lakini kilo hazishuki tena: nibane zaidi au nilegeze?

Kwako daktari,

Pokea salamu zangu. Nimekusoma siku nyingi, na leo nimeamua kuandika kwa sababu kila ninayemuuliza kuhusu jambo hili ana jibu lake, na majibu hayapatani.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, urefu sentimita 165, na kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa. Nilipoanza nilikuwa na kilo 86, na presha ilikuwa imeanza kupanda. Si ya kuanzishiwa dawa, ila ya kuambiwa nijihadhari. Kliniki niliambiwa, "Punguza uzito, mama," kisha akaitwa mgonjwa mwingine. Nipunguze kiasi gani, kwa muda gani, nile vipi, hakuna aliyenieleza. Hayo yote nimeyatafuta mwenyewe, ndiyo maana nakuomba uyapitie na mimi.

Lengo langu halikuwa la kukimbilia. Ili uwiano wa uzito na urefu wangu (BMI) ushuke chini ya 25, mpaka wa uzito unaohesabiwa wa kawaida, ningelazimika kufika kilo 68, na kila nilipoitazama namba hiyo nilikata tamaa kabla sijaanza. Ila nilisoma kwamba hata kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito ulioanza nao huweza kusaidia presha na sukari. Nikaona kilo 78 inatosha kwanza. Nikifika salama, nitatazama mbele.

Baada ya hapo nikaingia kwenye hesabu. Nilitumia kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990, ambayo kwa mwanamke ni hivi: kilo mara 10, jumlisha sentimita za urefu mara 6.25, toa umri mara 5, kisha toa 161. Nilipata kalori 1,525, yaani zile ambazo mwili wangu ungetumia kwa siku hata kama ningelala kitandani kutwa. Halafu unazidisha kulingana na unavyojishughulisha: anayekaa tu ni 1.2, mwenye mazoezi mepesi ni 1.375. Mimi natembea kwa kasi dakika 45, siku tano kwa wiki, basi nikachukua 1.375, nikapata karibu 2,100. Nikapanga kula 1,600. Upungufu wa kama 500 kwa siku, ukichukulia kwamba kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700, ungenipa karibu nusu kilo kwa wiki. Nilifurahi, maana mara nyingi kinachoshauriwa ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na mimi nilikuwa nimechagua upande wa taratibu.

Mwanzoni kilo zilishuka haraka. Sikujidanganya kwamba yote ni mafuta. Najua ukipunguza chakula mwili hutumia akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji mengi, kwa hiyo maji nayo hutoka. Kisha mwendo ukapungua, nikafika 82. Sasa ni wiki nyingi mizani inazunguka palepale, leo 81.4, keshokutwa 82.9, siku za kukaribia hedhi inapanda, zikipita inashuka. Napima asubuhi, nimetoka msalani, sijala wala kunywa kitu, kwa hiyo sidhani shida ni namna ninavyopima.

Hapa ndipo mashauri yalipoanza. Wifi yangu, ambaye tunapendana kama ndugu wa tumbo moja, aliwahi kupungua sana kwa muda mfupi. Ananiambia, "Wifi, unajichosha bure. Shuka mpaka kalori 1,000, mwezi mmoja tu, utaniambia." Anasema kwa nia njema kabisa. Lakini nimesoma kwamba kwenda chini sana bila mtu wa afya anayekufuatilia ni hatari, kwamba ukipungua haraka misuli nayo inaondoka, na kwamba kupungua kwa kasi huongeza uwezekano wa kupata mawe kwenye nyongo. Zaidi ya hapo, najijua. Kazi yangu inataka kichwa kitulie. Siwezi kuhangaika na njaa tangu saa nne asubuhi halafu nirudi nyumbani nina hasira na watoto ambao hawajafanya kosa lolote.

Mume wangu yuko upande wa pili kabisa. Programu ya simu inasema kila nikitembea nimechoma kalori 310, na inaniongezea hizo kwenye hesabu ya siku, kana kwamba inaniambia sasa niko huru kula 1,910. Yeye anasema, "Kama umezitolea jasho, ni zako, zile." Mimi nikajaribu kuzipiga hesabu. Kutembea mwendo wa kilomita 5 kwa saa hutumia kama mara 3.5 ya nishati inayotumika ukiwa umekaa kimya. Kwa kilo zangu 82, dakika 45 ni kalori 215 hivi. Na katika hizo, kama 60 ningezitumia hata ningekaa kwenye kochi. Zilizoongezeka kweli kwa sababu ya kutembea ni kama 150, karibu nusu ya zile ambazo simu inanipa. Tena, kama kutembea huko tayari nimekuhesabu ndani ya ile 1.375, nikila tena hizo za simu si nitakuwa nimezihesabu mara mbili? Mpaka sasa sizili. Ila siku za kutembea, usiku hunikuta na njaa isiyonipa usingizi, na sijui kama mwili unanidai kwa haki.

Nikakaa nikarudia hesabu yote kwa namna nyingine, na hii ndiyo nataka uiangalie kwa makini, daktari. Nikasema, tuseme mimi ni wa 1.2, kwa sababu saa zote nilizobaki nazo nimekaa. Kwa kilo 82, mwili ukipumzika unatumia 1,485. Ukizidisha kwa 1.2 unapata 1,782. Ongeza matembezi, ambayo yakigawanywa kwa siku saba za wiki ni kama kalori 110 kwa siku, unafika 1,890 hivi. Toa 1,600 ninazokula, zinabaki 290. Kwa mwezi mzima hiyo ni kilo moja na kidogo tu. Na mizani yangu yenyewe inapanda na kushuka kilo moja na nusu kwa ajili ya maji, chumvi na hedhi! Basi inawezekana sijasimama hata kidogo. Inawezekana napungua polepole kiasi kwamba maji yanaficha. Kinachonipa moyo ni kiuno: katika muda huohuo ambao mizani imegoma, utepe wa kupimia umeshuka sentimita 2.

Lakini pia inawezekana nakula zaidi ya 1,600 bila kujua. Jikoni nina mizani ndogo ya gramu. Siku moja niliweka kikaango juu yake, nikairudisha kwenye sifuri, nikamimina mafuta ya kukaangia mayai mawili kama ninavyomimina siku zote, kwa mkono uliozoea. Ikasoma gramu 20. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, basi hapo pana 180, wakati mayai yenyewe mawili hayafiki 160. Hata kama mengine hubaki kikaangoni, ni mengi kuliko nilivyofikiri, na kwenye mboga za sufuria moja tunazokula watu wanne sina namna ya kujua nani kapata mafuta kiasi gani. Tangu siku hiyo nimekuwa napima kila kitu. Mkate, wali, vipande vya embe, maziwa ya chai. Nikisafisha meza mizani inabaki hapo pembeni, kama chombo kingine tu cha jikoni.

Na hapa ndipo ninapoomba unisikilize kama mzazi. Nina binti wa miaka 13. Anakua, urefu unaongezeka, anacheza, ana hamu ya kula kama inavyopaswa. Juzi nilimkuta amesimama kabatini na pakiti ya biskuti, ameigeuza nyuma, anasoma ule mraba wa maandishi madogo kwa kidole. Akaniuliza, "Mama, mimi naruhusiwa ngapi kwa siku?" Nilimwambia yeye hana kiwango, ale ashibe, mwili wake unajenga mifupa. Akaitikia, lakini jioni nikaona ameacha nusu ya wali kwenye sahani, na wali anaupenda. Sikusema kitu mbele ya wenzake. Usiku nililia, daktari. Mimi napungua ili niwe na afya ya kumlea, sitaki ajifunze kwangu kuogopa chakula.

Kwa hiyo niko katikati. Wifi ananitaka nibane zaidi. Binti yangu, bila kusema, ananionyesha nilegeze. Na nikitazama namba zenyewe najiuliza kama kubana kote huku kuna maana. Ile kanuni, kwa nilivyosoma, ilitengenezwa kwa vipimo vya watu 498, na kwa wengi hukaribia ukweli ndani ya asilimia 10, si kwa wote. Asilimia 10 ya 1,485 ni karibu kalori 150. Kuchagua kati ya 1.2 na 1.375 pekee ni tofauti ya zaidi ya kalori 250. Sasa kama makadirio yenyewe yanaweza kuyumba hivyo, kuna faida gani mimi kupima gramu za kipande cha embe mbele ya mtoto?

Nimefikiria njia hii. Niache kupima kila kitu, nibaki na vitu vile vinavyobeba kalori nyingi kwa ujazo mdogo: mafuta nipime kwa kijiko, sukari kwa kijiko, wanga niupakue kwa bakuli lilelile kila siku. Mboga nisizipime kabisa. Kila mlo uwe na kitu cha protini, maharage, mayai, samaki au nyama, kwa sababu nikila hivyo naona nashiba muda mrefu, na nimesoma kwamba protini husaidia kulinda misuli wakati wa kupungua. Uzito niupime asubuhi lakini nitazame wastani wa wiki tu, niulinganishe na wastani wa wiki ileile ya hedhi mwezi uliopita, si wa jana. Mizani ya gramu iingie kabatini.

Upande wa mazoezi, dakika zangu 225 kwa wiki ziko ndani ya zile 150 hadi 300 ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mazoezi ya wastani. Ninachokosa ni yale ya kujenga misuli, ambayo wanasema yafanywe angalau siku mbili kwa wiki. Goti langu la kulia huuma nikishuka ngazi, kwa hiyo nimeogopa kuchuchumaa. Nimeanza kidogo kukaa na kusimama kutoka kwenye kiti, na kusukuma ukuta kwa mikono. Binti hufanya nami, na hapo huwa anacheka, hatuzungumzii kilo. Napenda hilo kuliko mambo yote ya mpango huu.

Naomba unijibu haya. Je, wiki nyingi za mizani kutosogea huku kiuno kikipungua zinanitaka nibadilishe kitu, au nivumilie mzunguko mmoja au miwili zaidi wa hedhi kabla ya kugusa chakula? Kama ni lazima nibadilishe, ni bora nipunguze kalori 100 au niongeze mwendo, kwa mtu mwenye goti kama langu? Zile kalori za matembezi, siku njaa ikiwa kali, nile kiasi gani kati yake, niseme nusu ya zile 150, au nisiziguse? Na mpango wangu wa kupima mafuta, sukari na wanga pekee, unaona unatosha kunifikisha 78, hata kama itachukua mwaka?

Lakini ukikosa nafasi ya kujibu yote, nijibu la binti. Nimwambie nini, na nifanye nini mezani kuanzia kesho, ili amalize wali wake bila kunitazama mimi kwanza? Na kuna dalili gani ambazo nikiziona nisingoje, nimpeleke kwa mtaalamu?

Kwa wifi nitamjibu mwenyewe, tunaelewana.

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa watoto wawili