Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mtambo wa Majitaka, Tando na Michango

Ndugu wanachama,

Ulinzi, taa za barabarani na usafishaji wa mifereji vimeendelea kama mnavyojua. Nafasi kubwa naitumia kueleza kwa nini kamati iliusimamisha mtambo wa majitaka kwa siku mbili badala ya kununua tando mpya, yaani vichujio vyake. Maneno yamekuwa mengi, na mengine yamenilenga mimi binafsi.

Mtambo wetu husafisha lita 60,000 hivi kwa siku kutoka nyumba 96. Bakteria hula uchafu kwenye tangi la hewa, kisha pampu hunyonya maji kupitia tando za nyuzi zenye uwazi katikati, jumla yake mita za mraba 200, zenye vitundu vya mikroni 0.04 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Pampu hunyonya dakika 9 na kupumzika 1, huku mapovu ya hewa yakizitikisa nyuzi ili tope, yaani bakteria na uchafu wao, lisizigandie. Tando hizi zilipokuwa mpya, mvuto wa pampu ulikuwa kilopaskali 8 (kipimo cha mgandamizo); tando zikiziba, hupanda. Mwezi Juni geji ilisoma 42, na maji yanayotoka yalipungua karibu nusu. Mshauri mmoja aliandika kwamba tando zimekufa. Kamati ilikataa ushauri huo, na niseme wazi kwamba mimi ndiye niliyeshikilia ukataliwe.

Utando uliochanika hutoa maji yenye ukungu. Yetu yalikuwa bado maangavu kwenye glasi. Kwa hiyo tando zilikuwa zimeziba tu, na kuziba kuna chanzo. Fremu zilipoinuliwa kilionekana: kwenye vichwa vya nyuzi, nywele za watu na nywele za rasta zilikuwa zimejisokota pamoja na waipsi mpaka zikawa kamba nene kama kidole gumba. Katikati ya nyuzi tope lilikuwa limeshikamana kama udongo wa mfinyanzi. Hapo hewa haipiti wala dawa haifiki. Kamba hizo hufumuliwa kwa mkono, huku zikimwagiwa maji ya mpira yasiyo na nguvu. Ukitia kisu umekata nyuzi. Chujio la zamani la mwanzoni lilikuwa na mianya ya milimita 3, na unywele hupita hapo kwa urefu wake. Tulilofunga sasa lina matundu ya duara ya milimita 1.

Baada ya hapo ndipo dawa ilipotumika. Tope lilihamishiwa kwenye tangi la hewa na blowa, mashine ya kusukuma hewa, ikaachwa inafanya kazi, maana klorini nyingi ingewaua bakteria. Tangi la tando, la lita 6,000, lilijazwa maji safi na lita 60 za klorini ya asilimia 10, tando zikalowekwa saa 12 ili utelezi wa bakteria uachie. Maji hayo yakatolewa na tangi likasuuzwa mara mbili. Kisha ziliingia kilo 12 za asidi ya sitriki kwa ajili ya ukoko wa chokaa yanayotokana na maji ya kisima chetu. Kusuuza katikati si hiari: klorini ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua. Mtambo ulipowashwa, geji ilisoma 11. Haikurudi 8, kwa sababu kuna uzibaji wa ndani ya vitundu usiotoka tena, na hilo nililisema kabla ya kazi kuanza.

Mnalalamika kwamba hamkuulizwa. Mkutano uliitishwa mara mbili. Wa kwanza zilikuja nyumba 19, wa pili 22, na akidi ni 32. Waliokasirika kwa kukatazwa kufua Jumamosi ile wengi wao hawakuwapo. Katiba inairuhusu kamati kuchukua hatua ya dharura, nasi tuliichukua.

Chanzo cha pili ni michango. Tope linapaswa kubaki kati ya gramu 8 na 12 kwa lita, na linalozidi huondolewa kwa gari la majitaka. Kuanzia Machi hatukuwa na fedha ya gari, tope likafika gramu 17. Tope zito kiasi hicho mapovu hayalitikisi. Hujibana kwenye nyuzi, na pampu huongeza mvuto na kulibana zaidi. Nyumba 41 zinadaiwa. Deni hilo limeonekana kwenye tando kabla ya kuonekana kwenye vitabu vya mhazini.

Tulianza na shilingi 4,600,000. Michango ililetwa 17,900,000 kati ya 28,800,000 zilizotarajiwa. Umeme 7,800,000, fundi 4,800,000, chujio 5,200,000, magari 1,600,000 (zikiwamo safari 9 za siku zile mbili mtambo uliposimama), dawa na vifaa 1,000,000. Salio ni 2,100,000.

Wenye saluni za nyumbani naomba wafunge wavu kwenye sinki. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe jikoni, kwa kuwa hupaka nyuzi na klorini pekee haiyatoi vizuri. Fundi sasa anasafisha kwa klorini hafifu kila wiki na kuandika geji kila asubuhi. Daftari liko wazi kwa yeyote.

Mwakani, fedha zikipatikana, tunatarajia kupata blowa ya akiba na pengine kipimo cha tope cha kwetu wenyewe.

Nawasilisha.

Mwenyekiti